Pikapu ya Ruracio Kwenye Mteremko wa Mai Mahiu

Vijana wa gereji wakinikuta nje ya kanisa huniuliza, "Mzee, ni gari gani zito kuliko yote uliyowahi kuvuta?" Wanatarajia niseme lori la saruji, au lile la mananasi lililolala mtaroni karibu na Juja. Mimi huwajibu kwamba ni pikapu. Wao hucheka, wakidhani uzee umeanza kunichezea. Basi leo nitawaeleza yote, maana ninyi mnaoingia katika kazi hii sasa mna magari mazuri kuliko yetu, lakini milima ni ile ile.

Nimevuta magari kati ya Ruiru na Thika karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Nikitazama mikono yangu naona vidole vyote vipo, na namshukuru Mungu, kwa sababu katika kazi yetu hilo si jambo dogo. Mnyororo hauchagui kati ya chuma na kidole.

Leo mna gari la kitanda. Unashusha kitanda, unapandisha gari kwa winchi, unafunga magurudumu, unaenda zako ukisikiliza redio. Sisi tulianza na kamba ya mkonge. Mkonge ulikuwa mwingi upande wa Thika, na kamba yake ilikuwa na heshima: kabla ya kukatika, ililia. Ukiisikia inalia, unasimama. Ilipokuja kamba ya nailoni tukashangilia, kumbe nailoni hailii. Inavutika kimya kimya, halafu inakatika na kurudi kwa hasira, na kilicho mbele yake hukiona cha moto. Ndiyo maana mpaka leo nikimwona mtu amesimama katikati ya magari mawili yaliyofungwa kamba, humshika mkono na kumwondoa, hata kama simjui. Wengine hunitukana. Waache watukane, mradi wana miguu yote miwili.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma. Alikuja Thika kuendesha malori ya kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda, na kiwanda kilipopunguza watu akanunua bredauni kuukuu, lile gari letu la kuvuta mengine, lenye mkono wa kreni nyuma. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni. Alipenda kuimba nyimbo za kanisa lao akiendesha, na kuimba huko ndiko kulikompa somo lake kuu. Siku moja, kabla sijamjua, alifunga mnyororo kwenye bampa ya gari la mwalimu mmoja pale Ruiru, akalivuta mpaka Thika akiimba njia nzima. Aliposhuka kutazama, alikuta amevuta bampa. Mwalimu alikuwa bado Ruiru, ameketi garini mwake, ameshika usukani.

"Kijana wangu," aliniambia akicheka hadi machozi, "kiti kilikuwa kimeniambia tangu Ruiru kwamba niko peke yangu. Mimi nilikuwa naimba."

Tangu hapo fundisho lake lilikuwa moja: sikiliza kiti. Aliniketisha kando yake, akanifunga macho kwa leso, akavuta gari hili na lile, akiniuliza nyuma yetu kuna nini. Gari lenye gurudumu lililopungua upepo hutikisa kiti kwa upande. Mnyororo uliolegea hukipiga kofi mgongoni kila unapokanyaga mafuta. Gari ambalo mwenyewe amesahau kutoa breki ya mkono hukivuta chini kama mtoto anayeng'ang'ania rinda la mama yake. Miezi ya mwanzo nilibahatisha tu. Baadaye nikawa najua kabla hajaniuliza, na siku aliponiambia "Sasa endesha wewe," nilijiona nimepewa ukasisi.

Na kwa kuwa nimetaja ukasisi, niseme neno kuhusu sala. Mimi ni mzee wa kanisa, na nililelewa na mama aliyetufundisha katekisimu kwa mwanga wa koroboi. Ninaamini sala. Lakini nimewaona madereva wakipiga magoti kando ya gari ambalo pini yake hawajaigusa. Hiyo si imani, ni kumjaribu Mungu. Utaratibu wangu ulikuwa huu: nakagua, kisha nasali, kisha nakagua tena. Mara nyingi nilipofumbua macho baada ya amina, nilikumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau. Nadhani hivyo ndivyo Mungu hujibu sala ya dereva.

Haya, sasa pikapu.

Ilikuwa Jumamosi, katika ile miezi ambayo kila barabara ina msafara wa ruracio, watu wakipeleka mahari na zawadi kwa wakwe. Niliitwa mtaa wa Membley, pale Ruiru. Nilikuta magari yamejipanga nje ya lango la mtaa: basi dogo la kanisa limejaa akina mama wenye vitambaa vya kichwa vya rangi moja, magari madogo mawili, na mbele yao pikapu nzee ya aina ile ya kubeba mawe, imepambwa kwa riboni, giaboksi imekufa. Juu yake kulikuwa na tanki kubwa jeusi la plastiki, la kuvunia maji ya mvua, limefungwa kamba kama mfungwa na kuvishwa leso hadi chini. Pembeni yake walikuwa wamepanga blanketi, magunia ya sukari na kreti za soda.

Bwana harusi mtarajiwa alikuwa kijana aitwaye Mwaniki, karani, mpangaji wa pale pale Membley. Alikuwa amevaa suti, jasho linamtoka.

"Mzee, tunaenda upande wa Naivasha. Wazee na mbuzi wametangulia. Utatufikisha?"

"Hamwezi kuhamisha mizigo kwenye pikapu nyingine?"

"Leo? Pikapu zote za Ruiru na Thika ziko ruracio."

Kisha akanivuta kando akanieleza yaliyokuwa yakimchoma. Ruracio hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza baba yake alifariki, nyumba ikaingia matanga. Mara ya pili mvua ilikata barabara. Baba yake Wairimu, yule msichana aliyekuwa akiposwa, alikuwa ametuma neno kwamba wakikosa mara ya tatu wasirudi tena, kwani binti yake si gunia la viazi la kuwekwa kando ya barabara likingoja lori.

"Nikikosa leo nimemkosa," akasema. Hakusema kwa maigizo. Alisema kama mtu anayesoma bei dukani.

Nikamuuliza swali ninalouliza kila mara: "Mmebeba nini?"

Aliyejibu alikuwa shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwenyekiti wa chama, ambaye wote walimwita Tata Nyokabi. "Tumebeba tanki, blanketi, sukari na soda. Ulitaka tubebe nini, makaa?"

Kila neno lilikuwa la kweli. Nami nikajiambia, tanki tupu la plastiki hata watoto wawili hulibeba, sukari na soda si kitu. Nikafungua ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, maana ukivuta gari lenye giaboksi mbovu bila kuifungua, utafika na vipande. Nikapitisha mikanda mbele, nikaongeza minyororo miwili ya usalama iliyopishana kwa chini, ili kreni ikikataa, pua ya pikapu iangukie minyororo na si lami. Nikainua. Pua ilipanda kwa wepesi, nikafurahi. Kumbukeni wepesi huo, nitarudi kwake.

Tata Nyokabi akafungua mlango wa pikapu, akataka kupanda.

"Mama, hapana. Gari linalovutwa halikai mtu."

"Na nani atachunga mali ya watu?"

"Mimi."

"Wewe nikujue wapi?"

"Tata," akasema Mwaniki, "huyu ni mzee wa kanisa."

"Hata Yuda alikuwa na cheo," akajibu, akaenda zake kwenye basi. Akina mama wakacheka hadi basi likatikisika. Mimi pia nilicheka, lakini baada ya kugeuka.

Tukatoka, Mwaniki kando yangu, tukipitia Kiambu kuelekea Limuru. Barabara ile inapanda na kushuka kati ya mashamba ya kahawa na ya chai, na ina matuta mengi. Kwenye tuta la kwanza nilikanyaga breki, na baada ya bredauni kupunguza mwendo, kiti kikanisukuma mgongoni. Nikadhani mnyororo umelegea. Nikasimama, nikakagua, kila kitu kimekaza. Kwenye tuta la pili, kitu kile kile. Nikasimama kabisa, nikangoja. Bredauni imetulia, injini inanguruma polepole. Kiti kikanisukuma. Kikaniachia. Kikanisukuma tena, kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

"Mwaniki, mmefunga mbuzi ndani ya tanki?"

"Mbuzi wametangulia, mzee."

Sikuwa na hakika. Lakini nilikumbuka maneno ya Mzee Wafula, ambaye wakati huo alikuwa ameshapumzika kwao Bungoma: mzigo uliofungwa ukikusukuma, hukusukuma mara moja. Kinachokusukuma mara mbili ni kitu chenye uhai, au maji.

Ninyi mtakaopita njia hii, shikeni desturi moja. Kabla ya kushuka Mai Mahiu, simama juu. Hata kama gari ni lako, jipya, tupu. Pale juu ardhi inakatika ghafla, unaona Bonde la Ufa limelala chini kama mkeka, na barabara inajikunja ukingoni, mwamba upande mmoja na hewa upande wa pili. Watu husimama kupiga picha. Mimi husimama kugusa magurudumu kwa mkono, kuona ni lipi lina joto kuliko wenzake.

Siku hiyo nilishuka, nikapita magurudumu yote, kisha nikapanda nyuma ya pikapu, nikafunua leso na kugonga tanki. Juu likalia kama debe. Nikashusha mkono, nikagonga tena, nikashusha. Nilipofika katikati, sauti ikafa. Lilikuwa na maji nusu.

Sasa rudini kwa ule wepesi wa Membley. Nilipoinua pua ya pikapu, maji yalikimbilia nyuma, ndiyo maana mbele kulikuwa kwepesi. Kwenye mteremko mambo yangegeuka: maji yote yangekuja mbele, yangelalia kreni, na kila nikikanyaga breki yangenipiga kwa nyuma kwa uzito wao wote, kisha yarudi, kisha yanipige tena nikiwa katikati ya kona. Tanki lililojaa kabisa ni zito, lakini limetulia. Tanki tupu ni jepesi. La nusu ndilo la kuogopa, kwa sababu mzigo wake una miguu.

Nikamwita Tata Nyokabi.

"Mama, mbona hukuniambia kuna maji?"

"Uliuliza tumebeba nini. Hukuuliza tanki limekula nini."

"Mmejaza nusu?"

"Tulitaka kujaza lote. Vijana walichota kwa mitungi tangu alfajiri, wakachoka katikati. Vijana wa siku hizi!"

"Lazima yamwagwe."

Akasogea karibu, kidole kikiwa juu. "Sikiza, baba. Kwetu ukienda kwa watu na kiondo, kiondo hakiendi kitupu. Na mimi nipeleke tanki zima kwa wathoni, wakwe zetu, likilia kama ngoma? Tangu lini?"

"Maji hata Naivasha yapo."

"Si haya."

Ndipo alipoeleza, na sauti ya mwenyekiti ikashuka. Maji yale yalikuwa ya kisima cha nyumbani kwao Mwihoko. Baba yake Mwaniki alikichimba kwa mikono yake alipokuwa kijana, wakati Mwihoko bado kulikuwa na nyasi kuliko nyumba. Nyumba zote za kupanga zilizopo leo kwenye kiwanja chao zilijengwa kwa maji yale. Yeye ndiye aliyepaswa kumpeleka mwanawe kwa wakwe, akafa kabla. "Basi nikasema, yeye hawezi kwenda, maji yake yaende. Sasa wewe unaniambia nimwage ndugu yangu barabarani?"

Niwaambie ukweli, katika kazi yangu nimebishana na walevi, na askari, na wenye magari waliotaka niburute gari la gia za otomatiki kwa kamba hadi Garissa. Lakini hakuna kati yao aliyewahi kunipakilia marehemu. Akina mama walikuwa wameshuka kwenye basi. Upepo unavuma kutoka bondeni. Na simu ya Mwaniki ikalia.

Alitazama jina, akanionyesha. Alikuwa baba yake Wairimu.

Ninyi mnajua watu wetu hujibu nini simu kama hiyo. Mtu yuko kitandani Githurai, anasema "niko hapa roundabout." Mwaniki alimtazama shangazi yake, akanitazama mimi, kisha akapokea mbele yetu sote.

"Baba, tuko juu ya mlima. Tumesimama. Mzigo haujakaa vizuri, hatushuki mpaka ukae. Tutachelewa, lakini tutafika."

Simu ikakatwa upande wa pili. Hakujua kama amepoteza mke au la. Akaiweka mfukoni, akavua koti, akaniuliza, "Mzee, nifanye nini?"

Nikaweka mkono juu ya tanki. Nilisali, ndiyo, na macho yangu wazi. Na nilipokuwa nikilitazama lile basi, nikaona jambo ambalo lingekuwa wazi kwangu mapema kama nisingekuwa nabishana. Tata hakutaka tanki lishuke na maji. Alitaka lifike na maji. Hayo ni mambo mawili tofauti.

"Mama," nikamwambia, "ndugu yako hawezi kusafiri kwa pikapu. Anarukaruka. Apande basi kama abiria, akae kwenye magoti ya dada zake. Tanki lishuke tupu, likifika langoni mlijaze."

Akageukia basi. "Mnangoja nini? Leteni vyombo!"

Pale juu kuna wauzaji wa karoti na viazi, ambao huosha mboga zao kwa maji ya mitungi. Wakatupatia mitungi mitupu, na mmoja akatuazima mpira wake wa kuoshea. Mimi nina mpira garini, lakini ni wa dizeli, na maji ya marehemu hayapitishwi kwenye dizeli. Mpira ule ulihitaji mtu wa kunyonya maji yaanze kutiririka. Mwaniki akapanda, akanyonya, maji yakamjia kinywani na kifuani, shati jeupe likamganda.

"Wũi! Bwana harusi ananyonya kama ndama!"

"Nyonya, baba, ni ya nyumbani!"

Wakajaza mitungi, chupa, sufuria zenye vifuniko, hata birika la chai. Tukaigawa mitungi kwenye basi na magari yale mawili, mmoja mmoja, imefungwa vizuri na kubanwa kati ya miguu, hakuna gari lililozidiwa. Yaliyobaki hatukuyamwaga chini. Malori yanayopanda kutoka Mai Mahiu hufika pale juu yakichemka, na madereva wakasogea na vidumu vyao. Wauzaji wa karoti nao wakachota. Tata Nyokabi alisimama akiwatazama, mikono kiunoni.

"Ndugu yangu alikuwa hivyo," akasema. "Alikuwa hajui kunyima."

Nikakagua kila pini upya. Tukasali, Tata ndiye aliyeomba, na aliomba kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Longonot. Kisha nikakagua tena.

Kushuka ni hivi. Chagua gia chini ukiwa bado juu, usingoje mlima ukuchagulie. Gia unayoweza kupandia ukiwa na mzigo ule, shukia iliyo chini yake. Acha injini ishike gari, na breki uitumie kwa vipindi: kanyaga vizuri, punguza mwendo, achia kabisa ipate hewa. Anayeweka mguu juu ya breki njia nzima anachoma breki kidogo kidogo, na mwisho anakanyaga sponji. Usione aibu kupitwa. Wakikupigia honi, wapungie mkono. Na fungua dirisha, kwa sababu breki inayoungua hunuka kabla haijakataa.

Tulikuwa tumeshuka nusu, mwamba upande wa kulia, lori linajikokota mbele, gari dogo likatupita kwenye kona. Likakuta lori lingine linapanda, likajichomeka mbele yangu, kwenye nafasi ambayo nilikuwa nimeiacha kwa ajili ya uhai wetu. Nikakanyaga breki. Mwaniki akashika dashibodi kwa mikono miwili. Bredauni ikainama, ikasimama.

Nikangoja kiti.

Hakuna kitu. Pikapu ilikuwa imesimama nasi, mara moja, kama mke na mume. Gari dogo likaondoka kama halikufanya lolote.

Mwaniki akaachia dashibodi. "Mzee, kama yale maji yangekuwa..."

"Usimalize," nikamwambia. "Mshukuru Mungu, na mwuza karoti."

Karibu na chini, kando ya barabara, kuna kanisa dogo ambalo wafungwa wa vita walilijenga zamani, walipokuwa wakichonga ile barabara. Sijawahi kulipita bila kuvua kofia. Siku hiyo niliivua, na kijana kando yangu, ambaye hakuwa na kofia, akainamisha kichwa.

Tulifika kwa wakwe tumechelewa hasa. Lango lilikuwa limefungwa. Kufungwa kwa lango ni desturi, akina mama wa nje huimba na wa ndani hujibu mpaka wakubaliane, lakini siku hiyo hakukuwa na wimbo ndani. Wazee wetu waliotangulia walikuwa wamekaa nje kando ya ua na mbuzi wao, kama watu waliofukuzwa sokoni.

Tata Nyokabi akaanzisha wimbo. Kimya. Akaanzisha tena. Hatimaye lango likafunguka kidogo, akatoka mama mmoja wa kule, akaizunguka pikapu, akalipiga tanki kofi. Likalia.

"Haiya! Tupu! Mmechelewa hivi mkituletea ngoma?"

Wa ndani wakacheka, na hakikuwa kicheko cha wema.

"Ngoja uione ngoma ikinyesha," akasema Tata.

Akapunga mkono. Mlango wa basi ukafunguka, na akina mama wakashuka mmoja mmoja, kila mmoja na chombo chake, mwenye mtungi, mwenye chupa, mwenye birika, wakipanga mstari na kuimba polepole. Vijana wakapanda juu ya pikapu, vyombo vikapandishwa, maji yakaanza kumiminwa. Mlio wa tanki ukabadilika kidogo kidogo, kutoka wa debe hadi ule mzito. Tata akasema kwa sauti wote wasikie, "Haya ni maji ya kisima cha ndugu yangu, baba yake Mwaniki. Yeye hakuweza kuja."

Kisha akatoka mzee mrefu mwenye fimbo, baba yake Wairimu. Akaomba kikombe. Akateka maji kutoka mtungi wa mwisho, akavua kofia, akanywa yote. Akamgeukia Mwaniki, ambaye shati lake lilikuwa bado na alama za maji na tope la karoti.

"Nimewaoza mabinti wengine," akasema. "Vijana wote nikiwapigia simu, huniambia wako hapa karibu tu, na nasikia kondakta akiita Limuru. Wewe umeniambia uko juu ya mlima na umesimama. Nilikata simu nikaenda kumwambia mke wangu apike, huyu atafika."

"Na mbona mlifunga lango hivyo, bila wimbo?" Tata akauliza.

"Kuchelewa pia kuna faini," akajibu mzee. "Leteni mbuzi mmoja zaidi, kisha muimbe."

Wakaimba. Mimi nilikaribishwa ndani, nikakalishwa pamoja na wazee, nikapewa nyama, na nilikula kwa fahari ambayo sioni haya kuitaja. Mtu akifanya kazi yake vizuri mbele za Mungu, kufurahi si dhambi. Tanki lile lipo mpaka leo kwenye kona ya nyumba ile, linavuna mvua, na watoto wa Mwaniki wakienda kwa guka, babu yao, hunywa kutoka humo.

Bredauni niliiuza nilipostaafu. Macho yamepungua, magoti yanalalamika nikipanda ngazi. Tata Nyokabi alihamia ushirika wetu wa kanisa, na kwa miaka yote hii hajawahi kusema asante hata mara moja, wala sijangoja. Lakini kila Jumapili akipita kwenye benchi langu kabla ya ibada, huinama na kuniuliza kwa sauti ambayo kwake ni ya chini na kwa kanisa zima inasikika:

"Na leo, mzee, kiti kinasemaje?"

Nami humjibu, "Kimetulia, mama. Kimetulia kabisa."